Kiongozi Anayeulizwa: Mwongozo Kamili wa Kulea Uongozi na Imani ya Wanafunzi katika Shule ya Kikatoliki Malindi

Makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, walimu wengi wa Malindi tulianza kuutazama kwa jicho jingine ule utii tuliozoea kuusifu kila siku ya kutoa zawadi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa pale. Watu walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu, na kabla ya hapo walikuwa wamehubiriwa wawaondoe watoto wao shuleni. Walisali, waliimba, walimsikiliza kiongozi wao. Nafasi ya kumwuliza ndiyo iliyozimwa.

Ndiyo maana dai la mwongozo huu ni moja, na linapita katika hatua zote: shule ya Kikatoliki hapa kwetu ilee kiongozi anayekubali kuulizwa, na muumini asiyeogopa kuuliza. Ukiwa na viranja wanaoogopwa na kikundi cha sala kinachokariri tu, hujalea uongozi wala imani, hata kama paredi yako ya Jumatatu imenyooka kama uzi.

Nimeandika nikimfikiria mwalimu mlezi wa shule ya sekondari, ya kutwa au ya bweni, akishirikiana na padre au sista mlezi na mkuu wa shule. Wa shule ya msingi na sekondari msingi wanaweza kupunguza makali wakatumia yale yale.

Hatua ya 1: Jueni nani yumo, na sheria inasemaje

Shule nyingi za Kikatoliki katika Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000 na linaloenea hadi Tana River na Lamu, zinasoma watoto wa kila dini. Darasa moja lina Mkatoliki, Mwanglikana, Mpentekoste, Mwislamu, na mtoto ambaye nyumbani kwao bado babu anakwenda kaya, msitu wa ibada za jadi. Usipoanza hapo, kila utakachopanga baadaye kitagonga mwamba.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule, yaani Kanisa, haki ya kusimamia na kushauri juu ya malezi ya kiroho, pamoja na kuteua kasisi wa shule kwa gharama yake lenyewe. Kifungu hicho hicho kinamtaka alinde pia imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inaongeza kwamba mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na dini yake. Someni vifungu hivi pamoja, walimu, padre na Bodi ya Usimamizi, kabla muhula haujaanza. Nusu ya ugomvi unaotokea mashuleni kuhusu ibada hutokana na watu kubishana juu ya sheria ambayo hakuna aliyeifungua.

Kisha fanyeni mambo ya mkono. Ofisi iwe na orodha ya dini za wanafunzi, waliyoijaza wazazi wenyewe kwa hiari. Wekeni kwenye kalenda ya shule tarehe za Ramadhani na Idd pamoja na Jumatano ya Majivu na Pasaka, ili mtihani au mashindano yasiangukie siku isiyofaa. Tafuteni chumba safi cha swala. Kile kipindi kimoja cha wiki cha mafundisho ya kichungaji kiwe na mwalimu kwa kila kundi. Waislamu waombewe ustadhi wa mtaa, na Waprotestanti mchungaji wao. Na jambo ambalo halipendezi kabisa, ila lipo: wakati Wakatoliki wako Misani, wengine wasipewe mifagio. Mtoto anayefagia darasa kwa sababu ya dini yake anajifunza jambo kuhusu Kanisa ambalo mahubiri ya miaka minne hayatalifuta.

Hatua ya 2: Kusanyeni malalamiko kabla ya kutafuta viongozi

Desturi yetu ni kuanza na vyeo: kiranja mkuu, msaidizi wake, kiranja wa bweni, wa kengele. Vyeo vimerithiwa tangu enzi za mkoloni na hakuna anayekumbuka vilianzishwa kwa ajili gani. Anzeni upande wa pili.

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaanza na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha waliolalamika, wala hawakuwachagulia watu wa kuwahudumia. Waliiambia jumuiya ijichagulie saba wenye sifa njema. Tazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Upande uliokuwa ukisahauliwa ndio uliopewa sufuria. Sijui somo bora zaidi la uongozi wa shule kuliko hilo, na linaanzia jikoni, mahali ambapo migomo mingi ya wanafunzi huanzia.

Kwa hiyo, wiki ya pili ya muhula, gawieni kila mwanafunzi nusu karatasi isiyo na jina, yenye maswali matatu. Ni jambo gani linalokuumiza hapa shuleni? Nani anasahauliwa? Ungepewa wiki moja ya kuongoza, ungeanza na nini? Makaratasi yasisomwe na walimu peke yao. Wanafunzi wachache wa kila darasa wakae na mwalimu mlezi wayapange kwa mafungu. Mara nyingi mafungu yatakuwa haya: chakula, maji na vyoo, bweni na usalama wa vitu, masomo, ibada, michezo, na upweke wa wageni wa Gredi ya 10. Hayo ndiyo yatakayozaa nafasi za uongozi. Fungu lisilo na malalamiko halihitaji kiranja.

Kila nafasi iandikiwe kazi zake kwenye karatasi moja, na chini yake mipaka. Mipaka ndiyo muhimu. Kiranja haadhibu. Viboko vimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na sheria ya 2013 ikakazia kwa kukataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili. Kama mwalimu hawezi, kiranja atautoa wapi uwezo huo? Hapigi, hapigishi magoti, hamnyimi mtu chakula, hakusanyi pesa. Anaona, anasema na mhusika, anaandika, anapeleka mbele. Wako walimu watakaosema shule itaharibika. Waulizeni ni kosa gani, katika miaka yao yote, lililokoma kwa sababu kijana wa miaka 17 alimpiga wa miaka 15.

Hatua ya 3: Uchaguzi

Mama wa wana wa Zebedayo yupo katika kila shule. Katika Mathayo 20 anamwendea Yesu kuwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto, na wale kumi wengine wanakasirika, pengine kwa kuwa mama zao hawakuwahi kufika. Mzazi wa namna hiyo atakuja na simu kwa mkuu wa shule. Pengine ni mjumbe wa Bodi. Dawa yake ni utaratibu unaojulikana na wote mapema, uliobandikwa ubaoni.

Utaratibu wenyewe unatosha wiki tatu. Wiki ya kwanza, nafasi na kazi zake hutangazwa, na anayetaka hujaza fomu mwenyewe, akitiwa saini na wanafunzi wenzake kutoka madarasa mbalimbali. Walimu huwasaili wagombea kwa jambo moja tu, iwapo kuna kesi nzito ya nidhamu au ya usalama wa watoto. Alama za mtihani zisiwe kizuizi. Mtoto wa alama za katikati anayejua kutuliza bweni ana kipaji ambacho ripoti ya muhula haikipimi. Wiki ya pili ni kampeni: hotuba ya dakika tatu kila mmoja, kisha dakika tano za maswali kutoka kwa wanafunzi. Msiziondoe dakika hizo tano hata muda ukiwa mfupi, kwani hapo ndipo kiongozi anapoonja kuulizwa kwa mara ya kwanza. Peremende, pesa na vocha za simu zikionekana, mgombea anaondolewa. Wiki ya tatu ni kura ya siri, masanduku yanayoonekana, kuhesabu mbele ya mawakala, na matokeo kubandikwa siku hiyo hiyo.

Angalieni pia kuchanganyika kwa mitaala. Gredi ya 10 iliingia sekondari ya juu Januari 2026, na darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani wa KCSE 2027. Kwa muda huu kila upande uwe na viti vyake barazani, la sivyo wa vidato watawaona wa gredi kama wapangaji.

Na hili linaulizwa kila mara: je, kiranja mkuu wa shule ya Kikatoliki anaweza kuwa Mwislamu? Kwa maoni yangu, ndiyo, bila kusita. Baraza la wanafunzi ni la wanafunzi wote. Uongozi wa ibada, wa kwaya, wa YCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki) na wa watumishi wa altare ni jambo jingine. Huo unachaguliwa na wanachama wenyewe kati ya Wakatoliki. Mkiutenganisha mapema, hakuna atakayehisi ameporwa. Siku ya kuapishwa, kila mmoja aape kwa kitabu cha dini yake au atoe ahadi ya kawaida, na wote wabarikiwe na padre kwa sala ambayo kila mtu anaweza kuitikia Amina.

Mwakilishi wa baraza la wanafunzi pia anaingia katika Bodi ya Usimamizi kwa wadhifa wake. Kifungu cha 56 cha sheria ya 2013 kinasema hivyo. Mwandaeni: apewe ajenda siku chache kabla, aketi mezani badala ya pembeni, na apewe nafasi ya kusema kabla ya wakubwa kuelewana. Shule nyingi humwita kwa ajili ya picha tu.

Hatua ya 4: Mafunzo ya siku mbili

Yafanyike mbali na madarasa, kwenye ukumbi wa parokia ikiwezekana. Siku ya kwanza ni ya wote, Wakristo na Waislamu. Tumieni Kutoka 18. Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua kesi za watu, foleni haiishi. Anafika mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, mtu asiye wa kabila wala ibada ya Israeli, anatazama, kisha anauliza: unafanya nini, na kwa nini peke yako? Musa hachukii. Anasikiliza, anaweka viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na kumi, na yeye anabaki na kesi ngumu. Wanafunzi Waislamu wataitambua familia hii, maana baadhi ya wanazuoni wao humnasibisha mkwe huyo wa Musa na Nabii Shuaib. Waacheni wasimulie wanavyoijua. Kisha kila kiongozi achore kwenye karatasi: kumi wangu ni kina nani? Kiongozi wa bweni ambaye hawezi kutaja majina kumi hajaanza kazi.

Mchana wa siku hiyo ni wa kuigiza kesi. Rafiki yako amekutwa na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, mfukoni. Mpishi anasema mchele umekwisha, na umeona gunia likitoka kwa boda boda. Msichana wa Gredi ya 10 anakwambia jambo na kukuapisha usimwambie mtu. Wawili wawili waigize, wengine wakosoe. Hotuba za wageni wa heshima juu ya sifa kumi za kiongozi bora zinaweza kungoja mwaka mwingine.

Siku ya pili ni mafungo ya viongozi Wakatoliki. Wasomeeni habari za Mashahidi wa Uganda, lakini msikimbilie moto wa Namugongo. Anzeni na Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na cheo katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Oktoba 1885 aliuawa Askofu Hannington, Mwanglikana aliyeanza safari yake ya mwisho huku kwetu Pwani, Rabai. Mukasa alimkabili Kabaka akamlaumu kwa mauaji hayo, akalipa kwa uhai wake Novemba mwaka huo. Mkatoliki alikufa kwa kuuliza habari za damu ya Mwanglikana. Karoli Lwanga akashika nafasi ya kuwaongoza na kuwalinda vijana wa jumbani, akambatiza Kizito, mwenye miaka ipatayo 14, kabla ya wote wawili kuuawa kwa moto tarehe 3 Juni 1886. Swali la kutafakari kimya kwa nusu saa: mdogo gani analindwa na kuwepo kwangu katika shule hii?

Hatua ya 5: Vikundi vya YCS na njia ya Ona, Amua, Tenda

Hapa ndipo imani na uongozi vinapokutana kweli, kwa hiyo sitapita haraka. Njia hii ilitokana na padre Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyewakusanya vijana wafanyakazi katika miaka ya 1920. Papa Yohane XXIII akaipitisha katika waraka wake wa kijamii wa 1961. Ndiyo pia inayofuatwa na vitabu vya Kampeni ya Kwaresima vya maaskofu wa Kenya, kwa hiyo wanafunzi wanaosali katika jumuiya ndogondogo nyumbani wameshaiona.

Kikundi kiwe cha wanafunzi 8 hadi 12, chenye mwenyekiti na mwandishi wao. Mwalimu mlezi anakaa nyuma. Kikao ni cha saa moja. Nitachukua mfano wa jambo ambalo kila mtoto wa Kilifi analijua: disko matanga, yaani disko la usiku msibani la kuchangisha pesa za mazishi.

Ona, dakika 20. Marufuku kuhubiri katika sehemu hii. Kinachotakiwa ni habari. Mwezi uliopita palikuwa na matanga wapi? Disko lilianza saa ngapi? Nani alikodi mashine za muziki, na pesa zilikwenda wapi? Hapo watoto huanza kueleza mambo ambayo sisi watu wazima hatuyasemi: kwamba familia ilikuwa na deni la hospitali, mwili uko mochari, na disko ndilo lililoleta pesa za jeneza. Kwamba wasichana walitumwa kuuza maandazi na chai usiku. Kwamba fulani hakurudi shuleni muhula uliofuata, na kila mtu anajua kwa nini. Mwandishi anaandika bila majina.

Amua, dakika 20. Fungueni Maandiko. Kitabu cha Tobiti kinamsifu mtu aliyewazika wafu wa watu wake kwa kuhatarisha maisha yake, na kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ambayo Kanisa linafundisha. Kwa hiyo familia ile inatafuta jambo jema. Halafu someni Luka 17, maneno makali ya Yesu juu ya anayewakwaza wadogo. Waulizwe: haya mawili yanakutana wapi? Watabishana, acha wabishane. Mmoja atasema disko ni dhambi tupu, mwingine atamwuliza jeneza angelinunua kwa pesa gani. Kijana akimpinga Paroko kwa heshima katika kikao hiki, mwalimu asikunje uso. Akikosea mafundisho ya Kanisa, sahihisha mwishoni, kwa utulivu, ukionyesha ilipoandikwa.

Tenda, dakika 15. Sharti la tendo ni kwamba liwe dogo, liwezekane kabla ya kikao kijacho, na liwe na mwenyewe. Wanafunzi hawawezi kufunga disko. Hiyo ni kazi ya chifu. Wanaweza kukubaliana kwamba msiba ukitokea wataondoka pamoja kabla ya magharibi, wakubwa wakiwasindikiza wadogo. Wawili wanaweza kwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo kuuliza kama kuna mfuko wa mazishi, na kama hakuna, kwa nini. Mmoja anaweza kuandika barua ya baraza, ipitie kwa mkuu wa shule, iende kwa chifu. Dakika tano za mwisho ni sala, inayotokana na walichozungumza.

Kikao kinachofuata kianze na swali moja: mlisema mtafanya nini, na mmefanya nini? Kikundi kisichoulizwa hivyo hugeuka kuwa mahali pa kunywa soda baada ya masomo. Muguka, plastiki ufukweni, ukataji wa mikoko Mida, wazee wa kitalii wanaowanunulia wasichana simu: yote yanapitia njia hiyo hiyo, na yote yanafaa kuhesabiwa katika huduma kwa jamii ambayo mtaala wa umilisi unaidai.

Hatua ya 6: Ibada iwe mikononi mwao

Fransisko Ksaveri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa heshima mjini alimwuliza kama makanisa ya Wakristo huhudhuriwa, maana hapa, katika misikiti 17, mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu. Wazee wa dini zote mbili wamekuwa wakilalamikia jambo lile lile kwa karibu miaka 500. Mwalimu asione ajabu vijana wakisinzia Misani.

Kinachosaidia ni kazi ya kweli. Masomo ya Jumapili yagawiwe Jumatatu, msomaji ayasome kwa sauti mara tatu mbele ya mwenzake, aulize asichokielewa. Maombi ya waamini yaandikwe na wanafunzi kila wiki, yakitaja mambo ya wiki hiyo: mvua ya Sabaki, baba wa mwanafunzi aliye baharini, mtihani wa hesabu. Kwaya ichague nyimbo kulingana na masomo badala ya zile zenye ngoma kubwa tu. Padre aombwe, mara moja kwa muhula, ajibu baada ya Misa maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi. Yatakuja maswali kuhusu majini, ndoto, uchawi, na kama bibi asiyebatizwa atakwenda mbinguni. Yajibiwe. Mtoto asiyejibiwa na padre atajibiwa na mtu mwingine msituni.

Kwa Kitubio, tafuteni padre asiyewafundisha darasani. Kwa mwaka wa liturujia, chagueni vipindi vichache mvifanye vizuri: Kwaresima pamoja na kampeni yake, Rozari ya Oktoba, tarehe 3 Juni, na Novemba ya marehemu. Carlo Acutis, kijana aliyefariki na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, anawavutia kwa sababu alikuwa mtu wa kompyuta. Mtumieni bila kumchosha.

Kuhusu kuitana majina Misani kwa daftari na fimbo, acheni.

Hatua ya 7: Ulinzi wa mtoto

Hapa hakuna mjadala. Mtu mzima yeyote, padre, sista, katekista au mwalimu, haongei na mwanafunzi peke yao katika chumba kilichofungwa. Safari za YCS na mafungo huwa na watu wazima wawili au zaidi, mwanamke akiwemo. Simu za usiku na ujumbe wa faragha kati ya mlezi na mwanafunzi haziruhusiwi. Kuna kundi la wote, na wazazi wamo. Namba 116, ya bure, ibandikwe bwenini na chooni. Viongozi wanafunzi waambiwe wazi kwamba wao si washauri nasaha: mwenzao akiwaambia ameumizwa, kazi yao ni kumsindikiza kwa mtu mzima aliyeteuliwa siku hiyo hiyo, hata kama waliapishwa wasiseme.

Hatua ya 8: Baraza la kuulizwa

Kila wiki ya tatu, Ijumaa baada ya swala na chakula cha mchana, viongozi wote wakae mbele ya shule kwa dakika 40. Mwenyekiti wa kikao asiwe kiranja mkuu. Kila kiongozi aseme mambo matatu: nilichoahidi, nilichofanya, kilichonishinda. Kisha maswali. Kanuni ni chache: uliza juu ya kazi, si juu ya mtu, hakuna kuzomea, swali lisilo na jibu liandikwe na lijibiwe kikao kijacho. Mkuu wa shule naye apewe dakika kumi za kuulizwa. Nimewasikia wakuu wakisema hilo litawavunjia heshima. Mwanafunzi anayemwona Mwalimu Mkuu akisema "hilo sikulijua, nitalifuatilia," na kweli akalifuatilia, anamheshimu zaidi kuliko awali, na anajifunza kuwa mamlaka na unyenyekevu vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Kikao cha kwanza huwa na kelele. Cha pili huwa kimya, kwa kuwa watu wanapima kama aliyeuliza mara ya kwanza aliadhibiwa. Kuanzia cha tatu ndipo maswali ya maana huanza, kwa hiyo msiamue mapema kwamba jambo limeshindikana.

Jioni ya siku hiyo viongozi Wakatoliki wafanye lile zoezi la Mtakatifu Inyasi la kuipitia siku: washukuru, waikumbuke siku yao mbele ya Mungu, waone walipokosea, waombe msamaha, waamue juu ya kesho. Dakika kumi, taa zikiwa hafifu, bila mtu kutoa ushuhuda. Waliokosolewa mchana huhitaji mahali pa kuyapeleka hayo, na kwa muumini mahali hapo ni sala. Viongozi Waislamu wanaijua muhasaba, yaani mtu kujihesabu mwenyewe. Ustadhi anaweza kuwaongoza.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Muhula wa pili ukikaribia kwisha, watahiniwa waanze kuachia kazi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo tarehe ya makabidhiano iwe moja na ijulikane. Kabla yake mpya anajifunza, baada yake mkongwe anashauri akiombwa. Jalada la kila nafasi liwe na karatasi ya kazi na mipaka, kumbukumbu za mabaraza, orodha ya ahadi ambazo hazikutimizwa, hesabu ya vitu vya shule vilivyo mikononi mwake, na barua ya ukurasa mmoja kwa anayefuata ikieleza nani shuleni anasahauliwa kwa sasa. Mwalimu mlezi atie saini, na nakala ya barua hiyo iende kwa mkuu wa shule na kwa padre kabla shule haijafungwa kwa likizo ya Agosti.